Migongano: Sifuri

Kwa nini nguzo ya zege ilie kama debe tupu?

Prisila aliigonga tena, safari hii kwa kiungo cha kidole, kisha akahamia nguzo ya jirani akaigonga nayo. Ya jirani ilinyamaza; iliumiza kidole na basi, kama zege linavyopaswa kuumiza. Akairudia ile ya kwanza, iliyosimama katikati ya bwalo la chakula la bweni jipya, imepakwa rangi ya maziwa kutoka sakafuni hadi darini. Ikalia. Ilikuwa sauti nyepesi, ya kitu ambacho ndani yake hamna kitu.

Nje, upepo wa Makambako ulikuwa ukipeperusha vumbi la mahindi kutoka kwenye maghala ya barabara kuu, na malori yaendayo Tunduma yalikuwa yakiunguruma kwenye njia panda. Kila lilipopita lori zito, vioo vya madirisha mapya vilitetemeka, kisha vikatulia. Prisila alijikuta akisubiri vitulie.

"Unabisha hodi?" Hilario alimwuliza kutoka mlangoni. Alikuwa ameikumbatia kompyuta ya kikundi chini ya koti, kama mtu anayemkinga mtoto mchanga na baridi. "Mwenyewe hayumo, amesafiri."

"Njoo uigonge."

Hilario aliigonga huku akicheka. Kicheko kilimwishia mdomoni. Yeye alikuwa mwanafunzi wa fani ya maji na umeme, na bisibisi haikumtoka mfukoni. Akachuchumaa, akaichomeka pale rangi ilipokutana na vigae. Ikazama hadi kwenye mpini. Waliubandua ubao taratibu, wakihofia kelele, na kwenye mwanya wakaona mrunda mmoja, mti mwembamba wa msindano usiochongwa, wenye magamba yake bado, umesimama juu ya tofali na kukazwa kwa kabari. Nguzo ya zege haikuwepo. Halikuwepo hata tundu la nondo zake. Juu ya boriti iliyopita hapo kulikuwa na ghorofa mbili za vyumba vya kulala wasichana.

"Tulichora nguzo hapa," alisema Prisila.

"Tulichora," alisema Hilario, lakini hakumtazama.

Walikuwa watatu, wa chuo kimoja na fani tatu. Justine alisomea usanifu wa majengo. Hilario, maji na umeme. Prisila, uimara wa majengo, yaani kujua kitu gani kinambeba nani na kwa muda gani. Zamani, Dokta Yusto aliwaambia siku ya kwanza, msanifu alichora akampa mhandisi, mhandisi akasahihisha akampa fundi bomba, na kila mmoja akamlaani aliyemtangulia. Wao wangejenga pamoja. Ndani ya kompyuta kungekuwa na jengo moja tu. Kila fani ingetunza sehemu yake, isiguse ya mwenziwe, na mahali ambapo vitu viwili viligombania nafasi moja mfumo ungepaka rangi nyekundu, ili watu wakae chini wasemezane kabla hata koleo moja la mchanga halijamwagwa.

Prisila aliyapokea maneno hayo kama alivyopokea kipaimara. Aliporudi nyumbani Mjimwema wakati wa kuvuna viazi, alimweleza mama yake kwamba ni msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ila msaragambo ambao mvivu hana pa kujificha, kwa kuwa kila kitu kina jina la aliyekiweka. Mama yake, Rebeka, alifikiri huku akikung'uta udongo kwenye kiazi. "Na shamba ni la nani?" aliuliza. Prisila alicheka. Wakati huo lilionekana swali la mtu asiyejua kompyuta.

Shamba lilikuwa bweni hili la shule ya sekondari. Wazazi walileta mawe na mchanga, wakapika maharage ya mafundi kwa zamu, kwa sababu mabinti zao walikuwa wakipanga vyumba nyuma ya nyumba za wageni wanamolala madereva. Mkandarasi alikuwa Ebeneza. Mhandisi mshauri, mwenye muhuri, alikuwa Dokta Yusto mwenyewe. Na kazi ya mhandisi mshauri ilifanywa na wanafunzi wake watatu, ikaitwa mafunzo kwa vitendo.

Justine aliingia akipiga mluzi. Alipouona ubao uliobanduliwa, mluzi ukakatika.

"Justine," alisema Prisila, "fungua kompyuta unionyeshe hapa."

"Unajua palivyo."

"Nionyeshe."

Aliifungua. Bwalo lilitokea kwenye kioo, safi, lenye mwanga usiotoka dirisha lolote, na katikati yake hapakuwa na kitu. Juu, kwa maandishi ya kijani, mfumo ulitangaza: migongano, sifuri.

Ilibidi awavute neno moja moja. Ile wiki ambayo Prisila alikwenda Mjimwema kumuuguza mama yake, wageni kutoka wizarani walikuwa wakija kuona kazi ya kikundi, na Dokta alisema hataki kuona nyekundu hata chembe. Justine alikuwa amehamisha vyoo. Hilario akahamisha bomba la majitaka livifuate. Bomba likapita katikati ya nguzo, na nguzo ikawa nyekundu.

"Nguzo ni yangu," alisema Prisila. "Kanuni ni kwamba mngenisubiri tukae."

"Tungekaa vipi, dada? Wageni walikuwa getini." Justine alijikuna shingo. "Niliifuta kwa siku ile tu. Nilikuwa niirudishe."

"Umeifuta kwa jina la nani?"

Jibu Prisila alilijua mwenyewe. Chuo kilikuwa na leseni moja tu ya kulifungua jengo zima kwenye kompyuta, na ilisajiliwa kwa jina la Prisila, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi. Neno lake la siri walilijua wote. Waliazimana kama watu wa bweni moja wanavyoazimana ndoo, bila kuulizana.

"Wageni walipiga makofi," Hilario alisema polepole. "Na mimi nilipiga."

Hapo Prisila akaelewa. Mfumo ulikuwa na macho ya kuona vitu viwili vinavyogombania mahali pamoja. Mahali patupu hapagombaniwi. Waliuondoa mhimili wa nyumba, na kompyuta, badala ya kupiga kelele, ikawapongeza; na yeye aliporudi akaiona ile sifuri, akaiamini.

*

Dokta Yusto na Ebeneza walikuwa katika chumba cha matroni, wakinywa chai, Prisila alipoingia na wenziwe wawili. Nje, utepe wa uzinduzi ulikwisha kufungwa mlangoni, na wazazi wa kwanza walianza kuwasili na magodoro.

"Binti, karibu chai," alisema Ebeneza. Alikuwa mtu mpole, mwenye sweta la kufumwa na sauti ya mzee wa kanisa. "Umepauka. Hujala?"

"Nimeshiba, baba. Nguzo ya katikati ya bwalo ni ya ubao."

Ebeneza alikoroga chai yake. "Ile ni urembo. Mimi ni mtu wa darasa la saba. Nilipewa mchoro, nikajenga mchoro. Mchoro wenu wa mwisho hauna nguzo. Hauna, au ninasema uongo?"

"Kama hauna, mbona mmeigiza ya bandia?"

"Wageni rasmi wana ile picha ya kwanza, yenye nguzo. Mgeni hapendi kushtushwa."

"Na mrunda uliomo ndani?"

"Huo ni tahadhari," alisema Ebeneza, na kwa mara ya kwanza hakuonekana mpole sana. "Mimi si mnyama."

Prisila alimgeukia mwalimu wake. "Dokta, boriti ile nilihesabu ikiwa na nguzo katikati. Bila nguzo urefu umekuwa mara mbili, na nguvu ya kuipinda mara nne."

"Hilo nilikufundisha mimi."

"Ndiyo, Dokta. Mwaka wa pili."

Dokta Yusto alitabasamu, kama anayemsikia mwanafunzi akisoma vizuri. "Kwa mujibu wa mfumo, nguzo iliondolewa na nani?"

"Jina ni langu."

"Sikuuliza jina. Nimeuliza nani."

Justine alivitazama vigae. Hilario alimtazama Justine. Lori likapita, vijiko vikalia ndani ya vikombe.

"Basi," alisema Dokta. "Uzuri wa njia hii, niliwaambia tangu mwanzo, ni kwamba kila kitu kina mwenyewe. Sasa nisikilize, mwanangu. Usanifu umeshathibitisha sehemu yake. Maji na umeme wamethibitisha. Imebaki yako peke yake. Thibitisha, nigonge muhuri, watoto waingie. Baadaye tutaleta nguzo ya chuma, tuisimamishe kimyakimya."

"Nani ataileta?"

"Mungu akijalia," alisema Ebeneza.

"Na nisipothibitisha?"

"Usipothibitisha, kikundi hakina kazi ya kusahihishwa. Mtarudia mwaka, wote watatu. Kikundi ni kikundi. Nami nitalazimika kuwaeleza wakubwa nguzo ilifutwa na nani, na chuo kitakuuliza ulikuwa na akili gani." Alisukuma sahani ya maandazi kuelekea kwake. "Sikutishi. Ninakueleza utaratibu."

Hilario alikuwa wa kwanza katika ukoo wao, huko Ludewa, kufika chuo. Alimtazama Prisila tu, na katika macho yake hapakuwa na amri wala lawama, bali ombi. Na ombi lile ndilo lililomlemea kuliko maneno yote ya Dokta.

Prisila alitoka. Matroni, Mama Dorosela, alikuwa ukumbini akikung'uta mablanketi.

"Kamwene, mwanangu," alimsalimu.

"Kamwene, mama."

"Ukuta huu una masikio, nimewasikia." Mama Dorosela alikunja blanketi pande mbili, akalishikilia kifuani. "Nikuulize wewe uliyesoma. Litaanguka leo?"

"Huenda si leo."

"Kesho?"

"Sijui, mama. Linaweza kusimama mwaka. Linaweza kuanguka siku wote watakapokuwa juu."

"Huko wanakolala sasa mimi ninajua. Sihitaji kompyuta. Kila muhula ninampoteza mmoja, muhula mwingine wawili. Dereva anamnunulia chipsi, anamnunulia simu, mwishowe mtoto anarudi kwao na tumbo na shule inamfuta." Sauti yake ilikuwa kavu, isiyobembeleza. "Unasema hapa watakufa labda. Kule wanakufa hakika. Nani alitupangia tuchague hivi, sijui. Mimi nimechagua labda."

Prisila alirudi bwaloni na kusimama chini ya boriti. Kwenye plasta mpya, upande wa jikoni, kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, unaopanda kwa mshazari, ambao asubuhi hakuuona au haukuwepo. Aliweka ukucha juu yake. Juu, mtu alikuwa akiburuta kitanda cha chuma; vumbi jeupe likadondoka kutoka kwenye ufa, likatua mkononi mwake bila uzito wowote.

*

Walipoitwa nje, uwanja ulikuwa umejaa. Wanaume wa makoti mazito, akina mama wenye vitenge juu ya masweta, wasichana wenye magodoro yaliyokunjwa vichwani. Manyunyu yalianza, na kwa kuwa ardhi ilikuwa tope hakuna aliyetaka kutua mzigo wake. Mwinjilisti alishafanya sala. Ebeneza alishika mkasi. Dokta Yusto alikuwa ameweka kompyuta wazi juu ya meza yenye kitambaa, na kwenye kioo, mbele ya jina la Prisila, palibaki kisanduku kimoja kitupu.

"Njoo umalize, binti," alisema kwa upole, ili wote wasikie. "Usiwalowanishe wazee."

Prisila hakwenda mezani. Alipita chini ya utepe, akageuka, akasimama kizingitini akiwaelekea watu.

"Shikamooni, wazazi."

"Marahaba," waliitikia, kwa mashaka kidogo.

"Wewe ni nani?" aliuliza mzee mmoja wa mbele.

"Mimi ni mwanafunzi. Kazi yangu ilikuwa kuangalia kama jengo litasimama."

"Si hilo hapo limesimama?" alisema mzee, na watu wakacheka.

Aliwangoja wamalize. "Nguzo ya katikati ya bwalo ni ubao. Ndani yake kuna mrunda. Nguzo yenyewe ilifutwa kwenye mchoro kwa jina langu, kwa sababu nilikubali neno langu la siri lizunguke. Mkandarasi alijua. Mwalimu wangu anajua. Ndani kuna ufa. Anayetaka aje nimwonyeshe."

Hakuna aliyekuja. Dokta Yusto alifunga kompyuta taratibu, akaikabidhi kwa Hilario, na Hilario akaipokea. Justine alikuwa amekwisha kusogea nyuma, karibu na gari. Mama mmoja alianza kusema kitu kwa Kibena, mumewe akamshika mkono. Watu walimtazama Ebeneza, wakamtazama Prisila, wakayatazama madirisha mazuri ya bluu, na ilionekana wazi ni kipi kati ya hivyo walitamani kukiamini.

Msichana wa mbele, aliyeitwa Vestina, alikuwa na mguu mmoja tayari kwenye ngazi. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye godoro lake na kumwingia shingoni.

"Dada," alisema, "mimi ufunguo wa chumba nimesharudisha. Mwenye nyumba ameshampangisha dereva. Leo ninalala wapi?"

Nyuma ya uwanja, lori lililobeba mbao lilipunguza mwendo. Dereva aliinama dirishani kuangalia umati, akapiga honi mara moja, kirafiki, kwa wasichana. Vioo vyote vya bweni vilitetemeka.

"Sijui," alisema Prisila. "Sijathibitisha, na sitathibitisha. Humu hamlali."