Matembezi ya Mama Jeska

Muuguzi wa Gitega hakumzungusha. "Mama, sukari iko mingi. We utembee kila siku. Bila mzigo, na si kwenda shamba. Kutembea tu."

Theodosia alikuwa amekwenda kumsalimia binti yake Jeska, mtaa wa Magarama mjini humo. Aliporudi kwake Gasorwe, karibu na mpaka wa Tanzania, asubuhi ya kwanza akashika njia ya kilimani, mikono mitupu. Jirani yake Fabiano akamwona.

"Mama Jeska, unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Natembea."

Fabiano akaduwaa. Mtu anayeondoka alfajiri bila jembe wala kikapu, na hasemi aendako, alishamwona mara moja tu: mama yake mzazi, mwaka ule wa vita walipokimbilia Tanzania.

Theodosia aliposhuka, akamkuta Fabiano na mkewe njiani, godoro juu ya baiskeli, mbuzi nyuma, sufuria ya maharage ingali ya moto.

"Mbona unarudi?" Fabiano akanong'ona. "Mpaka umefungwa?"

"Mpaka gani? Mimi nina sukari!"

"Hata mwaka ule tuliambiwa hakuna kitu."

Kesho yake nusu ya watu wa kilima kile walimfuata na magodoro. Akisimama kufunga kiatu, wanasimama. Akigeuza, wanageuza, wanarudi kufungua mizigo.

Mumewe, Nazario, akamshauri abebe jembe ili watu watulie. Akabeba, akaombwa asaidie palizi kwa watu hadi mchana. Akabeba kuku, wakamwandama wakiulizia bei. Siku iliyofuata, kwa hasira, akanyanyua kiti cha sebuleni, akajitwika, akatoka.

Fabiano alikitazama kile kiti muda mrefu. Kisha akaanza kushusha godoro lake.

"Hakuna aliyewahi kukimbia na kiti," akawatangazia wenzake. "Rudini mkalime."

Tangu hapo Theodosia hutembea na kiti kichwani, jua na mvua. Akichoka, hukaa katikati ya njia, na wapitao humsalimia kana kwamba wako kwake. Sukari ikashuka.

Mwezi wa nane akaenda tena Magarama. Huko alitembea mikono mitupu, asubuhi baada ya asubuhi, na hakuna aliyemuuliza aendako. Jeska alidhani mama atafurahi. Kabla ya juma kwisha, mama akafunga mfuko wake.

"Unarudi mapema hivi?"

"Narudi. Hapa kwenu naweza kwenda moja kwa moja nisirudi, na hakuna atakayefunga hata godoro."