Dawa ya Mgonjwa Mmoja

Kazi yangu ni kugeuza ugonjwa kuwa hesabu. Unanipa vipimo vya damu, nami nachora mstari wa virusi: vinavyozaliana, vinavyokufa, na jinsi dawa inavyovipunguza. Ofisini wananiita Mganga wa Namba. Utani huo ulishanichosha zamani.

Mstari uliokuwa mbele yangu asubuhi ile ulikuwa wa dada yangu. Ulipaswa kushuka hadi chini kabisa. Ulishuka kidogo, kisha ukatulia, kama mtu aliyekaa kupumzika kwenye ngazi. Daktari wake alisema dawa imegoma, na iliyobaki ni kali mno. Huenda ini la dada lisiistahimili. Aliniomba nihakikishe kabla hajambadilishia.

Nilihakikisha hadi macho yakaniiva. Kila nikipiga hesabu, jibu ni lile lile: dawa inafanya kazi nusu. Nikailaumu kompyuta, nikailaumu maabara, nikajilaumu mwenyewe. Kumlaumu mgonjwa hakukunijia akilini kabisa, maana dada huyu ndiye aliyenilea, na utotoni alikuwa akinibana pua nimeze dawa chungu.

Mchana, nilipokosa kingine cha kulaumu, nikamfuata kwake. Nilimkuta sebuleni anakunja nguo.

"Dada, dawa unameza?"

"Nameza."

"Yote?"

Akaendelea kukunja shati la mumewe, polepole.

"Shemeji yako naye anaumwa hivi hivi. Kliniki hataki, anaona haya. Sasa mdogo wangu, ningemeza peke yangu huku namtazama?"

Hasira zilinipanda, zikaishia njiani kwa uchovu.

"Nusu haimponyi mtu, dada. Inavizoesha tu virusi dawa. Mtakufa wote wawili kwa kuhurumiana."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sikuwa na nguvu za kumsomea methali mtu mzima. Alikuwa amekonda kuliko nilivyomkumbuka.

"Nikiacha leo," akaniuliza, "mwenzangu atapona?"

Sikujua. Virusi vingapi vilishaizoea ile nusu, sikuwa nimehesabu. Dada naye aliacha kukunja, akawa ananitazama.

"Atapona," nikasema, na moyoni niliogopa, kwa sababu sijawahi kutoa jibu bila kupiga hesabu. "Vaa viatu, shemeji. Tunakwenda kliniki sote."