Sahani ya Kocha

Dada yangu Ardelia hamkaangii kuku kila mtu. Jumapili ile tuliporudi kanisani alikaanga wawili, akachemsha sukuma na mfupa wa nguruwe, akaoka mkate wa mahindi na pai ya viazi vitamu, kwa sababu Kocha Haverkamp alikuwa anakuja. Jumatano yake mwanawe, Javaris, mrusha mpira wa futiboli ya Kimarekani, angetia saini ya kuchezea Chuo cha Dunmoor, na kwetu Alabama kocha hamchukui mtoto wa watu kama mzigo stesheni. Anakuja nyumbani, anakaa, anakula, anamtazama mama mtu machoni.

Mimi makocha siwaamini. Nimewaona wakipita hapa Pell Fork kutafuta vijana, wote meno nje, na mwaka unaofuata wanarudi na maneno yaleyale ila kofia ina rangi ya timu nyingine. Lakini huyu Haverkamp alinipata. Baba yake Javaris alipofariki alikuja mazishini, akakaa kiti cha nyuma, hakutaja mpira hata mara moja. Ndiyo maana Javaris alivikataa vyuo vikubwa kwa ajili yake, na mimi, mzee mzima, nikapaka gari langu kijani cha Dunmoor na kumwambia Ardelia kwamba safari hii tumepata mtu.

Siku hiyo alishushwa na msaidizi wake, ambaye aligeuza gari na kuondoka hata salamu hakutoa. Kocha alikuwa na kibegi begani. Nilijiuliza begi la nini, kisha harufu ya kuku ikanisahaulisha.

"Kocha, tuombee chakula," Ardelia akamwambia.

Alifumba macho, akamshukuru Mungu kwa chakula, akasema amina.

"Hiyo sala hata kuku hajaisikia," nikamtania. Javaris akacheka. Kocha hakucheka, akanywa chai yake ya barafu glasi nzima.

Kabla hatujafika mbali, Ardelia alishusha kabatini sahani ya marehemu mama yetu, ile nyeupe yenye ua la buluu, akaijaza chakula, akaifunika kwa karatasi ya fedha na kuiweka kwenye meza ndogo mlangoni. Hakuna anayetoka kwa Ardelia mikono mitupu, hata mtu wa kusoma mita ya umeme. Ila wapita njia huwawekea kwenye sahani za karatasi. Sahani ya mama humpa mtu ambaye ana hakika atairudisha.

"Hiyo ni yako ya njiani, Kocha," akasema. "Utaniletea sahani yangu."

"Bi Ardelia, usijisumbue. Ya karatasi inatosha."

"Ya karatasi kwa nini? Si nakukabidhi mtoto miaka minne? Tutaonana mpaka tuchokane."

Kocha akaanza kukata nyama ambayo alikwisha kuikata.

Sasa, Desemba kwetu ni mwezi wa kuvizia ndege. Chuo chenye pesa kikitaka kocha wa watu hakipigi simu hadharani, kinatuma ndege yake ikamchukue. Na sisi wapenzi wa mpira tunazijua ndege hizo kwa namba, tunazifuata kwenye simu tangu zinaporuka mpaka zinapotua. Ardelia anasema ni ugonjwa. Hata hivyo, simu yangu ilipolia mezani niliitazama.

"Kaka, weka simu. Watu wanakula."

"Ngoja, dada. Ndege ya Marchbanks imeruka kutoka Texas. Imeshavuka Mississippi."

Marchbanks, chuo cha huko Texas, walikuwa wamemfukuza kocha wao Ijumaa. Wana pesa za mafuta wale, hawajui hata pa kuziweka.

"Inakwenda wapi, mjomba?" Javaris akauliza.

"Inashuka." Nilivua miwani, nikaifuta, nikavaa tena. "Inashuka hapa kwetu. Kwenye kile kiwanja cha ndege za kunyunyizia pamba dawa."

Kiwanja chenyewe kiko nyuma ya kinu cha pamba, ukitoka kwa Ardelia unafika kwa miguu. Tuliisikia ikipita juu ya paa, vikombe vikalia kabatini.

"Wamekuja kumwiba Javaris," nikasema. Nilisema kwa furaha, nakiri. Si kila siku matajiri wanatuma ndege Pell Fork.

Ardelia akasimama na kufuta mikono kwenye aproni. "Jumapili? Na mgeni wangu yuko mezani? Watu hao hawana adabu. Nitawajibu mimi mwenyewe."

"Mama, kaa," Javaris akasema. "Hata wakija sitoki. Nimeshampa Kocha neno langu." Kisha akamgeukia, akamwekea mkono begani. "Usiwe na wasiwasi, Kocha. Hakuna wa kunihamisha mimi."

Mtoto wa miaka kumi na minane, anamtuliza mtu mzima. Kocha aliweka uma chini. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Javaris," akasema, "hawakuja kwa ajili yako."

Hapo ndipo nililielewa begi. Akaendelea mwenyewe. Wakala wake alikuwa amemwambia afuate ratiba kama kawaida mpaka mkataba ukamilike, asije akanuswa. Ndege ilikuwa ije saa kumi na moja, imewahi. Yeye ndiye aliyewaambia watue huku.

"Nilidhani huku hakuna mtu," akasema.

"Hakuna mtu," nikarudia. "Sisi ni pamba."

"Sikumaanisha hivyo, mzee wangu. Wananilipa mara nne ya hapa. Nina watoto, Bi Ardelia."

"Na mimi ninaye," Ardelia akasema.

Javaris hakukasirika, na afadhali angekasirika. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza basi linaondoka saa ngapi. "Basi nitakuja na wewe Marchbanks, Kocha?"

Haverkamp akatikisa kichwa. "Wana mrusha mpira wao. Kijana ameshaahidiwa nafasi."

"Na Dunmoor je?"

"Sijui watamleta nani. Yeyote yule atakuja na vijana wake."

Vile vyuo vikubwa alivyovikataa vilikuwa vimekwisha kujaza nafasi zao. Jumatano wenzake wangekaa mbele ya kamera na mama zao, na Javaris angekaa wapi? Niliona aibu mpaka nikakosa pa kuweka macho. Mwenye kosa alikuwa yeye, ana mafuta ya kuku wetu midomoni, lakini aibu ilinishika mimi niliyemsifu. Nilitazama dirishani, gari langu likanitazama, kijani tupu.

Alisimama, akachukua begi lake. "Nilitaka kuwaambia," akasema. "Tangu nilipoingia nilitaka kuwaambia." Akamnyooshea Javaris mkono, na Javaris akasimama, akaushika, kwa sababu ndivyo mama yake alivyomlea.

"Asante kwa kuja, Kocha."

Nilimwona Haverkamp akiuma mdomo. Nadhani angependa kupigwa.

Ardelia alikwenda mlangoni, akaichukua sahani. Nikajua sasa inaruka. Haikuruka. Aliirudisha mezani, akaifunua, akatoa sahani ya karatasi kwenye droo na kuiweka kando yake. Kisha akahamisha chakula mbele ya Kocha, bila haraka: paja la kuku, kidari, mkate, sukuma kwa kijiko mpaka ya mwisho, na pai juu ya ukingo ili isilowe. Hakupunguza hata kipande. Akafunika kwa ile karatasi ya fedha na kumpa.

"Njia ni ndefu," akamwambia. "Ukila, tupa."

Kocha aliipokea. Macho yake yalikuwa kwenye ile ya mama, iliyobaki mezani na mchuzi kidogo katikati ya ua. "Bi Ardelia," akaanza, lakini dada yangu alikuwa ameshaichukua na kwenda nayo jikoni, na tukasikia bomba likifunguliwa.

Kocha alitoka. Akalipita gari langu bila kuligeukia, akashika njia ya kinu cha pamba peke yake, ameibeba sahani ya karatasi kwa mikono miwili kwa sababu chini ilikuwa imeanza kulowa.