Kitabu cha Tano cha Amparo Zaldívar

Amparo Zaldívar alikuwa ameandika riwaya za mapenzi arobaini na tatu, na hakuna hata moja ambayo angeisoma kama angeikuta imesahauliwa kwenye kiti cha basi. Wasomaji wake aliwadharau waziwazi. "Kuku wangu," ndivyo alivyowaita. Unawamwagia punje zilezile kila asubuhi, nao wanakimbilia kana kwamba ni sikukuu. Aliwadharau wanaume wa vitabuni mwake, wale wenye mashamba ya farasi na vifua vipana, na aliwadharau wanawake wake, ambao hawakuweza kubeba trei ya kahawa bila kuzimia. Hata jina la kwenye majalada, Violeta Montecarlo, alisema ni jina ambalo mbwa wa tajiri angelionea haya.

Asubuhi ile ya Alhamisi, hata hivyo, kiburi kilikuwa kimempungua, ingawa usingemsikia akikiri. Mhariri wake wa mji mkuu, Bwana Barrientos, kijana ambaye alikuwa bado ananyonya wakati Amparo anatoa kitabu cha kwanza, alikuwa amemwambia bila kupepesa macho: Alhamisi saa sita mchana nitakupigia simu, unisomee mpango wa mfululizo mpya, vitabu vitano. Ukinichosha, nafasi yako anapewa msichana mmoja wa Monterrey anayeandika habari za madaktari wanaobusiana kwenye lifti. Amparo alisonya baada ya simu kukatwa, lakini siku tatu zilizofuata hakubanduka mezani pake. Bila vitabu vile vya kipuuzi yeye alikuwa nani? Mwanamke wa miaka sitini na sita asiye na mume wala mtoto, mwenye ulimi ambao majirani walivuka barabara kuukwepa.

Kwa hiyo kadi tano zilikuwa zimepangwa juu ya meza ya jikoni, pale nyumbani kwake Puebla, na ng'ambo ya meza alikaa komadre wake Nieves, anaparuza miiba ya majani ya mpungate kwa kisu kifupi.

Walikuwa makomadre kwa miaka thelathini na moja, tangu Amparo alipomsimamia mtoto wa Nieves ubatizoni. Mume wa Nieves alikuwa amekufa kwenye ajali ya basi, mtoto bado yumo tumboni. Alipozaliwa, walimsimamia wawili: Amparo, na Don Fidencio, mwoka mikate wa barabara ya pili. Na kwa watu wa pale hilo si jambo la mchezo. Aliyekusimamia mtoto amekuwa ndugu yako mbele ya Mungu. Kompadre, mwanaume aliyekusimamia mtoto, humtazami kwa jicho lingine, kama usivyomtazama kaka yako. Mtoto mwenyewe, Eleazar, siku hizi alikuwa mtu mzima, anaendesha malori kule Veracruz.

Kila kitabu cha Amparo kilipita kwanza mbele ya Nieves. Amparo alisimulia mpango, Nieves akasikiliza huku mikono yake inafanya kazi, na pale alipotoa machozi Amparo alichora msalaba kwenye kadi. Hapo pana kitabu. Pasipo machozi, kadi ilichanwa. Hakuwa na kipimo kingine. Nieves aliishia darasa la nne, alishona sare za shule kwa riziki yake, na aliwahi kulilia tangazo la sabuni. Amparo alimcheka kwa machozi hayo, na ndiyo yaliyomjengea nyumba.

"Haya," Amparo akasema, akivaa miwani. "Mabinti Watano wa Mzee wa Vigae. Kila binti kitabu chake. Wa kwanza, Rosalba, anampenda mtoto wa mshindani wa baba yake."

"Tayari," Nieves akasema.

"Tayari nini?"

"Ulishaandika. Yule baba alikuwa anatengeneza kofia. Nililia sana mwaka ule."

"Basi lia tena."

"Machozi si bomba, komadre. Endelea."

"Wa pili anapofuka."

"Na anaanza kuona siku ya harusi."

"Umejuaje?"

"Wote wako wanaponea harusini. Ingekuwa kweli, hospitali zingefungwa."

Amparo akabinua mdomo. Wa tatu alikuwa na pacha aliyefichwa. Nieves akapiga mwayo. Wa nne alimpenda mwanafunzi wa upadre. Nieves akauliza kama kuna kahawa iliyobaki. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa tano na nusu. Kadi ya tano ilikuwa tupu, na Amparo alihisi kijasho kinamtoka chini ya nywele zilizotiwa rangi. Akafanya jambo ambalo kwa miaka yote hiyo hakuwahi kulifanya. Aliacha kubuni, akachota palipokuwa karibu.

"Wa tano ni mjane," akasema. "Mume amefia mgodini, kamwacha na mimba."

Nieves akanyanyua macho. "Maskini."

"Yupo fundi viatu mmoja. Mkimya, mikono mikubwa, hana maneno. Anampenda. Lakini mjane bado yumo kwenye nguo nyeusi, na mwanaume huyu ana adabu zake. Anakwenda kwa rafiki wa mjane, kavua kofia, anamwambia: nifikishie neno langu. Mwambie nitangoja mwaka mzima, hata miwili. Na mtoto nitamlea kama wangu."

Kisu cha Nieves kilikuwa kinakwenda polepole. Macho yake yalianza kung'aa, na chozi moja likamtoka, likashuka pembeni ya pua. Amparo akaliona, moyo ukamruka kwa furaha. Amepata! Akakamata kalamu, akachora msalaba mkubwa, na sauti ikampanda.

"Rafiki hafikishi lile neno."

"Kwa nini?"

"Naye anamtaka huyo fundi viatu! Sasa sikiliza, hapa ndipo ujue mimi si mtoto wa juzi. Mbaya wa vitabu vya watu angeiba barua, angezua uongo. Wangu hasemi uongo mkubwa hata mmoja. Anakwenda kwa mjane na kumwambia: mtoto huyu atasimamiwa na nani, kama si yule mtu mwema? Anarudi kwa fundi viatu: mjane anakuomba uwe baba wa ubatizo. Na ombi kama hilo halikataliwi, komadre, ni kumtukana mtoto mchanga. Mwanaume anameza mate, anakubali. Padre anamwaga maji, kwisha! Wamekuwa makompadre. Hawawezi kugusana mpaka kaburini, na wenyewe wanashukuru." Akapiga meza, akacheka. "Kuku watachanganyikiwa!"

Nieves alikuwa ameweka kisu chini. Chozi lilikuwa limekaukia shavuni, na jingine halikufuata.

"Huyo rafiki," akauliza, "siku ya ubatizo alisimama upande gani wa beseni?"

"Kushoto, amevaa..." Amparo akanyamaza.

"Gauni la kijani," Nieves akamalizia. "Nakumbuka. Nilisema umependeza."

Amparo akaigeuza kadi ya tano kifudifudi. "Hii ni hadithi tu, komadre."

"Umembadilishia kazi, basi. Mwoka mikate umemfanya fundi viatu. Na basi umelifanya mgodi." Nieves hakuwa amepandisha sauti. "Alisema atangoja mwaka?"

"Nieves, mambo ya zamani hayo..."

"Nimekuuliza. Alisema?"

"Alisema."

"Na mtoto?"

"Kama wangu, alisema."

Nieves alikaa hivyo, mikono juu ya miiba. Miaka thelathini na moja Don Fidencio alikuwa amesimama mlangoni pake kila Jumamosi, kofia mkononi, mfuko wa mikate mitamu kwenye mkono mwingine. Mkate wa kijana, komadre, ndivyo alivyosema. Kijana alikua, akaota ndevu, akahama, na mkate ukaendelea kuja. Hakuoa. Watu walisema ana ubahili.

"Nilidhani ananihurumia," akasema. "Na mimi nilikuwa nakwenda kuungama, Amparo. Kila Kwaresima. Padre, nina mawazo mabaya juu ya kompadre wangu. Padre ananipa rozari tano, nazisali kwa magoti. Na wewe ulikuwa unanisindikiza! Ulikaa kwenye benchi, ukaningojea, tukaenda kunywa chokoleti."

"Na mimi nilipata nini?" Amparo akaropoka. "Unadhani nilimpata? Nilisimama naye mbele ya lile beseni, nikafikiri ataniona. Tangu siku ile ananisalimia kama anasalimia nguzo ya umeme!"

"Ndiyo utetezi wako huo? Kwamba wizi haukukulipa?"

"Tulikuwa vijana."

"Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba. Wewe ulikuwa na thelathini na mitano, na meno yako yote."

Hapo Amparo angeweza kulia. Angeweza kuanguka magotini, kama alivyowaangusha wanawake wa vitabu arobaini na tatu. Badala yake jicho lake likateleza kwenye saa, kisha kwenye kadi, na swali likamtoka kabla hajalizuia.

"Lakini ulilia. Nilikuona. Ulilia, sivyo?"

Nieves akamtazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao yeye ndiye aliyedharau. Haikuwa hasira, Amparo angejua la kufanya na hasira. Lilikuwa jicho unalomtupia mtu aliyekohoa juu ya sahani ya wageni.

"Nilimlilia mjane," akasema. "Nilipomtambua nikaacha. Unatuita kuku, komadre. Sisi angalau tunajua tunachokitamani. Wewe mapenzi uliyaona mara moja tu, yalikuja mpaka mlangoni pako yamevua kofia, ukayaziba mdomo. Tangu hapo unauza kelele."

Akainuka. Akavua aproni, akanawa mikono kwa sabuni, kidole kimoja kimoja, akajitazama kwenye kioo cha kabati na kuchomeka kibanio vizuri.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mwoka mikate."

"Mkate si unaletewa Jumamosi?"

"Siendi kwa ajili ya mkate."

"Nieves! Huwezi. Ni kompadre wako! Mtaa mzima utakucheka, padre atakufukuza. Una miaka hamsini na minane!"

"Na yeye sabini. Ndiyo maana sina muda wa kukaa hapa na wewe."

Mlango haukubamizwa. Ulifungwa kistaarabu, kama unavyofunga nyumba ya mtu usiyemjua. Amparo alibaki na majani ya mpungate, nusu yana miiba, nusu hayana. Alikuwa bado anayatazama simu ilipoita.

"Mwalimu!" Bwana Barrientos akasema, kama alivyowaita waandishi wake wote wazee. "Nipe habari."

Akamsomea. Binti wa kwanza, kimya. Wa pili na wa tatu, akamsikia anabofya kompyuta, kijana asiye na haya. Wa nne, akakohoa. Amparo akaishika kadi ya tano, na angeweza kuiacha. Angeweza kusema, ya tano sina. Akaisimulia yote: mjane, kofia, beseni, rafiki.

Upande wa pili ubofyaji ukakoma.

"Mwalimu," Barrientos akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hii umeitoa wapi? Achana na hao mabinti wanne! Vitabu vyote vitano viwe vya huyu mjane. Mkataba nakuletea mwenyewe kesho. Msichana wa Monterrey akae huko huko na lifti zake."

Kila alichokuwa anakitaka kilikuwa kimekuja, kwa dakika saba. Amparo alingoja furaha, na furaha haikutokea. Akaichukua simu, akatoka nayo kwenye baraza ya ghorofani, iliyotazama barabara.

"Jambo moja tu," Barrientos akaendelea. "Mwisho. Wanaoana?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa hapo kwa miaka mingi, lenye kengele, maua na mtoto anayebeba pete. Amparo akafungua kinywa. Chini, kwenye kona, Nieves alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, mikono mitupu, hana mkoba wala mwavuli, anangoja lori la gesi lipite. Alionekana mdogo sana kutoka juu. Lori lilipita, na bado alisimama.

"Mwalimu, upo? Nauliza, wanaoana?"

"Sijui."

Kijana akacheka. "Hujui vipi? Si wewe unayeandika?"

"Ngoja," Amparo akasema, akiegemea ukingo wa baraza. "Ngoja kwanza. Hajavuka barabara."