Walihama kwa Hiari

"Toka, halafu uingie tena," Mzee Thadeo alisema, na Siwema akatoka kwa mara nyingine, akafunga mlango, akabisha, akangoja kuitikiwa, ndipo akaingia. Safari hii alikumbuka kutokaa mpaka aambiwe akae. Alikumbuka kuuweka mkoba sakafuni badala ya kuupakata kama mtu aliye ndani ya basi. Alikumbuka pia kusema "Ndugu Mwenyekiti" na si "Mheshimiwa", maana miaka ile uheshimiwa ulinuka ubepari.

"Afadhali," Mzee Thadeo alisema. "Sasa unaingia kama mtu anayetaka kusoma. Mwanzo ulikuwa unaingia kama mtu aliyeletwa na polisi."

Mzee Thadeo alikuwa hakimu mpaka macho yalipoanza kumwacha. Alipostaafu alikaa kwake Kilosa, nyuma ya stesheni ya reli, akawa anawanoa vijana wa wilaya waliotaka kusomea sheria. Aliwafundisha kuufanya mtihani wa watu wazima wa kuingilia Chuo Kikuu, kukaa mbele ya jopo, na baadaye, wakishahitimu, namna ya kuomba kazi serikalini. Alikuwa mkali na aliijua kazi hiyo. Filipo wa Rudewa, aliyepita mikononi mwake, sasa alikuwa mwanasheria wa shirika moja la umma Dar es Salaam na alikuwa na gari.

Siwema alifundisha shule ya msingi Mikumi. Kila Jumamosi alipanda basi la asubuhi, akashuka Kilosa na vumbi mpaka kwenye kope. Mwenzake katika mafunzo alikuwa Kitashu, kijana wa Kiparakuyo, wafugaji wa mbugani, aliyemaliza kidato cha sita akaajiriwa kuchanja ng'ombe. Kitashu alikuwa mrefu, mpole, na kila alipokaa kwenye kile kiti cha mazoezi magoti yake yalifika karibu na kidevu.

"Watawauliza kwa nini mnataka sheria," Mzee Thadeo aliwaambia. "Msiseme mnataka kutetea wanyonge. Kila mtu anasema hivyo, mpaka wanaowanyonga. Semeni jambo mlilolishuhudia kwa macho yenu."

Jambo alilolishuhudia Siwema kwa macho yake lilikuwa moja tu. Mwaka uliopita, yeye akiwa likizo nyumbani, operesheni ya kuhamia vijijini ilipofika Lugolo, kitongoji chao juu katika milima ya Vidunda, wanamgambo walizichoma nyumba asubuhi, uji ukiwa bado jikoni. Mama yake, Bi Paulina, alitoka na kinu kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na mlango. Watu walishushwa kwa malori hadi bondeni Kwamgunga, kijiji kipya, wakagawiwa viwanja vilivyonyooshwa kwa kamba. Tangu siku ile Bi Paulina hakulia wala hakusimulia. Kila binti yake alipokwenda kumsalimu alimwambia neno lile lile: "Ukishakuwa mwanasheria, utawauliza nyumba yangu ilikuwa na kosa gani."

"Halafu kuna swali la mwisho," Mzee Thadeo aliendelea. "Hilo hawaachi kuuliza. Ndugu Siwema, wananchi wa kwenu walihamaje?"

"Mzee, kwetu walichoma—"

Mzee Thadeo aliinua mkono. "Jibu ni: walihama kwa hiari. Sema."

"Walihama kwa hiari," Siwema alisema, na moshi ukamtoka mdomoni.

Haukuwa mwingi. Ulikuwa kama wa jiko lililomwagiwa maji. Ulitoka pamoja na lile neno la mwisho, ukapanda taratibu mpaka darini, ukatulia pale. Ulinuka nyasi za kuezekea na mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya mafiga. Kitashu alikohoa kidogo akasogeza kiti. Mzee Thadeo alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akafungua dirisha kama mtu aliyelizoea komeo lake. Ndipo Siwema alipotazama juu akaona kwamba dari yote ya sebule ile ilikuwa nyeusi ti, kama ya jikoni.

"Wa Filipo ulikuwa mzito zaidi," Mzee Thadeo alisema. "Umeungua ulimi?"

"Hapana, mzee. Naogopa."

"Kuogopa si vibaya. Jopo halimpendi asiyeogopa. Ila moshi hawapendi kuuona."

Akaanza kuwafundisha kuumeza. Unavuta pumzi kwa pua kabla ya kujibu. Ukifika kwenye "hiari" unafunga koo, unatabasamu, unameza mate mara moja kama aliyekaukiwa. Moshi unarudi tumboni. Utauma, lakini mtu hafi kwa kuumwa tumbo. Siwema alijaribu mpaka machozi yakamtoka. Kitashu aliposema maneno yale, moshi wake ulinuka samadi iliyokauka, kwa sababu kwao walichoma maboma. Alijaribu mara chache, kisha akasema, "Mzee, mimi nikilimeza hili naona kama nammeza mtu," na Mzee Thadeo akamwambia ajaribu tena.

Kutoka siku hiyo Siwema aliishi na hofu. Aliogopa kufundisha somo la siasa, kwa kuwa katika somo lile sentensi ile ilikuwa ubaoni na watoto waliinakili. Aliwaachia waisome wenyewe kwa sauti, naye akasimama dirishani. Watoto wa Mikumi waliisoma bila moshi wowote. Kwao hapakuwa pamechomwa. Usiku alilala na khanga mdomoni.

Kwenda Chuo Kikuu wakati ule kulihitaji pia baraka za Chama. Katibu wa tawi alifika shuleni mwenyewe, akamkuta Siwema karibu na mlingoti wa bendera. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya chini.

"Mwalimu, nasikia unavuta sigara."

"Hapana, Ndugu Katibu. Sivuti."

"Watu wanasema wanasikia harufu ya moshi kwako." Alimtazama kwa upole. "Wewe ni wa Lugolo. Watu wa Lugolo walihamaje?"

Siwema alivuta pumzi, akasema, akafunga koo, akatabasamu, akameza. Lakini alikuwa hajabobea. Uzi mwembamba ulimponyoka puani, ukapita mbele ya uso wa katibu, ukazunguka mlingoti, ukapotea. Katibu aliufuata kwa macho mpaka mwisho.

"Leo kuna baridi," katibu alisema. "Mpaka pumzi inaonekana."

Ilikuwa Januari, na jasho lilikuwa linamtiririka katibu hadi kwenye kola. Siwema akasema ndiyo, kuna baridi. Baada ya hapo katibu akampa idhini, na Siwema akaenda nyuma ya choo cha walimu akatapika masizi.

Mtihani wa kuandika wote wawili waliufaulu. Usaili ukafanyika Morogoro mjini, katika chumba kilichokuwa na mlango wa mbao nyembamba. Kitashu aliitwa kwanza. Siwema alibaki kwenye benchi, akisikia kila neno. Kitashu alieleza mkataba ni nini. Alieleza tofauti ya kesi ya jinai na ya madai, polepole, kanuni kwanza, kisha mambo yaliyotokea, kisha uamuzi, kama walivyofundishwa. Sauti moja ikacheka kwa kuridhika. Kisha ikauliza wananchi wa kwao walihamaje.

Siwema akajikuta anameza mate kwa niaba yake.

"Hawakuhama kwa hiari," Kitashu alisema. "Nilikuwepo."

Hakuna harufu iliyopita chini ya mlango. Sauti yake ilikuwa safi kama ya mtu aliyetoka kunywa maji. Walimshukuru. Alipotoka alimtazama Siwema, akataka kusema kitu, lakini watu wawili waliokuwa wamekaa mwisho wa benchi, ambao Siwema alidhani nao walikuja kwa usaili, walisimama wakamwambia, "Ndugu, tusaidie dakika moja." Wakaondoka naye katikati yao. Miguu yake mirefu ndiyo iliyokuwa ya mwisho kupotea kwenye ngazi.

"Ndugu Siwema," sauti iliita.

Aliingia, hakukaa mpaka alipoambiwa akae, akauweka mkoba sakafuni. Alijibu yote. Swali la mwisho lilipofika, Ndugu Mwenyekiti mwenyewe alilisoma akiwa ameziba mdomo kwa leso, na pembeni ya leso moshi wa kijivu ulikuwa unapenya. Mjumbe wa kushoto kwake alikuwa na kikombe cha chai alichokiinamia muda wote, nacho kilifuka ingawa chai ilikwisha zamani.

"Walihama kwa hiari," Siwema alisema. Alimeza yote. Hata uzi haukutoka.

"Vizuri sana," Mwenyekiti alisema kwa shida, na mjumbe wa kulia akainuka kufungua madirisha.

Siwema alisoma sheria Dar es Salaam mpaka akahitimu. Alipowauliza watu wa Kilosa habari za Kitashu, wengine walisema alivuka na mifugo kwenda Usangu, wengine walisema hawakumjua mtu huyo. Waliosema hawakumjua walifuka kidogo.

Alipohitimu alirudi kwa Mzee Thadeo kunolewa kwa usaili wa kazi. Mzee sasa alikuwa haoni kabisa. Alimtambua kwa hatua zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Toka, uingie tena."

Akatoka, akaingia. Walikaa siku nzima wakipitia mwenendo wa kesi, adhabu, na namna ya kumjibu mkubwa anayekukatiza. Jioni Siwema alimuuliza jambo ambalo hakuwahi kuthubutu.

"Mzee, dari hii yote ni ya wanafunzi?"

Mzee Thadeo alifikiri. "Pembe ile ya karibu na mlango ni yangu," alisema. "Mimi zamani, enzi za mkoloni, kabla ya hawa, nilihukumu watu kwa kulima mashamba yao wenyewe. Nilikuwa bado sijajua kumeza."

Siwema alipata kazi. Alivikwa joho la hakimu na kupelekwa kwenye mahakama ya bondeni, isiyo mbali na Kwamgunga, akapewa nyumba ya bati yenye mti wa mpera uani. Hakuwa ameomba kupelekwa huko. Usiku wa kwanza alitandika godoro mbali na dirisha.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya Magreti. Siwema alimjua tangu utoto: ukuta kwa ukuta na nyumba ya mama yake, mwanamke aliyemfundisha kusuka ukili. Alishtakiwa kwa kutoroka kijiji na kupanda mlimani Lugolo kulima maharage kwenye kiwanja chake cha zamani, kinyume cha amri. Alisimama kizimbani miguu mitupu, akamtazama hakimu kwa furaha ya waziwazi.

"Mwanangu," alisema, na karani, Cleopa, akamkanya aseme Mheshimiwa Hakimu. "Mheshimiwa Hakimu, mwanangu. Wewe si unajua. Walituchomea. Mimi sikuhama, mimi nilihamishwa. Nimerudi kwangu."

Chumba kilingoja. Mwendesha mashtaka alikuwa anaangalia kucha zake. Kwenye mlango, watu wawili ambao Siwema hakuwajua walikuwa wameegemea, kila mmoja upande wake, wakitabasamu.

Siwema alivuta pumzi kwa pua.

Alisema kwamba mahakama inalo tangazo la serikali kuwa wakazi wa Lugolo walihama kwa hiari, kwa hiyo mshtakiwa hakuwa na haki ya kurudi. Alisema miezi sita. Alikuwa na uzoefu mkubwa wa kumeza, lakini moshi wa siku ile ulikuwa wa nyumba nyingi kwa pamoja, ukamtoka mdomoni, puani, na kwenye mikono mipana ya joho. Cleopa aliinuka akafungua madirisha, upande huu na upande ule, bila haraka. Mwendesha mashtaka alipunga faili lake mbele ya uso. Magreti alishushwa kizimbani akikohoa, na mlangoni aligeuka mara moja, si kwa hasira, bali kama mtu aliyesahau njia.

Jumapili Bi Paulina alifika kwa miguu kutoka Kwamgunga. Alikuwa amempelekea Magreti ugali mahabusu, kabla hajasafirishwa. Alikaa ukumbini kwa binti yake na ungo wa maharage mapajani, akayachambua punje kwa punje. Siwema alisimama karibu na mlango. Miaka yote aliyoliogopa jopo, na katibu, na wale wawili wa mlangoni, kumbe hofu yenyewe ilikuwa hii.

"Ulimwambia nini Magreti?" mama yake aliuliza.

"Mama."

"Nimekuuliza. Yeye anasema hakusikia vizuri. Anasema palikuwa na moshi."

Siwema angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa mtoto aliyeulizwa na mama yake.

"Nilisema walihama kwa hiari," alisema, na hakujaribu kumeza.

Moshi ulitanda ukumbini. Bi Paulina aliacha kuchambua. Siwema alifumba macho akingoja kofi, au laana, au ukimya wa kutosemeshwa tena maisha yake yote. Hakikuja kimojawapo. Alipofumbua aliona mama yake ameinua uso, pua ikitafuta hewani, huku na huku.

"Hizi ni boriti za mbele," Bi Paulina alisema taratibu. "Baba yako alizikata mwaka uliozaliwa. Na huu ni ule mkeka wa ndani." Aliuweka ungo chini. "Hii ni nyumba yangu."

Moshi ulianza kupungua, ukielekea dirishani. Bi Paulina aliharakisha kulifunga.

"Sema tena," alisema.

"Mama, siwezi."

"Sema tena, mwanangu. Inakwisha."

Siwema alisema tena, na Bi Paulina akavua kandambili zake kama mtu anayeingia ndani kwake.