Dude Zima

Katika miaka minne ya bweni nimetenda makosa mengi kwa makusudi, na nimeyakana yote kwa sauti ya upole. Kosa moja tu nililitenda bila kukusudia, na hilo ndilo ambalo hakuna aliyeniamini.

Dude lilikuwa seva ya shule: sanduku jeusi lenye kimo cha mwanafunzi wa kidato cha kwanza, lililofungiwa ndani ya iliyokuwa stoo ya magodoro. Humo zilikaa kazi za mradi za sisi wanafunzi hamsini na wawili wa mwaka wa mwisho. Miezi saba ya jasho, nusu ya alama za mtihani wa kompyuta. Nakala hazikuwepo popote, kwa kuwa kanuni zinakataza mwanafunzi kutoka na kazi yake hata kwenye flashi, na mtandao wetu ni wa ndani tu. Haugusani na intaneti hata kwa bahati mbaya.

Wiki ile Dude lilikuwa limejizimikia mara mbili kwa joto. Na Ijumaa, saa kumi kamili, mkaguzi wa mitihani angeondoka na diski yenye kazi zote. Kazi ambayo haimo, mwenyewe hana alama.

Mwalimu wa kompyuta ni mjomba wangu, kaka yake mama, na alinikataza kabisa kumwita Mjomba ndani ya uzio wa shule. Ijumaa hiyo asubuhi alikuja na flashi mfukoni na macho mekundu.

"Hii ni programu ya uangalizi," akasema. "Inaitwa wakala. Inakaa ndani ya Dude, inapima joto, inahesabu mafaili, halafu kila dakika inapeleka habari kwenye kompyuta ile pale."

"Yaani mmbea."

"Msiba, kaa chini."

Msiba ndilo jina langu tangu kidato cha kwanza. Chanzo chake ni kengele ya moto na viatu vya mwalimu wa nidhamu, na heshima ya marehemu viatu hairuhusu niendelee. Mwalimu alinichagua kumsaidia kwa sababu ndimi pekee niliyewahi kuingia kwenye mfumo wa shule bila ruhusa, hivyo njia nilikuwa naijua.

Wakala alituaibisha. Kuingia aliingia vizuri, lakini kila alipoamshwa alitaka kupeleka habari nje, kwa waliomtengeneza, huko ambako mtandao wetu haufiki. Tukafungua faili la mipangilio, tukafuta anwani ya nje, tukaandika ya ndani. Akagoma. Mwalimu akakumbuka kwamba ukuta wa ulinzi wa Dude umefunga milango yote ya mtandao isipokuwa miwili, na mlango anaoutaka wakala haumo. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Mwalimu akasema hatuwezi kusubiri tena, akaanza kupakia kazi kwenye diski ya mkaguzi huku joto bado halijulikani, namba moja kwanza, kila kazi dakika kama mbili. Akawa anagusa ubavu wa Dude kwa kiganja, kama mama anayepima homa ya mtoto.

Kwangu ikabaki kazi ya maneno. Dirisha la stoo hufunguliwa kutoka ukumbini tu, na swichi kuu ya Dude iko hukohuko, ukutani juu ya meza ya mlinzi tunayemwita Afande. Kwa hiyo skrini moja iliwekwa mezani kwake, wakala amwonyeshe la kufanya. Mara ya pili Dude lilipochemka, Afande alikuwa ametembea hadi chumba cha walimu kuuliza kama afungue dirisha, akabisha hodi, akasubiri kukaribishwa. Safari hii Mwalimu alimpa amri.

"Afande, skrini ikisema jambo, tenda. Usije kuniuliza."

"Nimekupata, Mwalimu. Ikisema, natenda."

Miwani yake alikuwa ameikalia siku mbili kabla, basi herufi zilibidi ziwe kubwa kama za bango. Niliandika ujumbe wa aina tatu. Wa kwanza: DUDE JOTO, FUNGUA DIRISHA. Wa pili: DUDE MOSHI, PIGA KENGELE. Wa tatu ulikuwa wa amani, wa kuonekana mambo yakiwa shwari: DUDE LIKO ZIMA. Huo ulizidi upana wa skrini, neno la mwisho likabaki nje. Nikafuta "liko". Ukaenea vizuri, katikati kabisa. Nakiri niliutazama kwa fahari.

Saa tano na dakika kumi na nane Mwalimu alifungua ule mlango kwenye ukuta wa ulinzi. Kwenye kompyuta ya uangalizi ikatokea alama ya kijani, kisha namba: joto arobaini na moja. Salama! Mwalimu alinipiga begani, akacheka kwa mara ya kwanza wiki nzima. Kazi namba thelathini na nane ilikuwa imemaliza kupakiwa, namba thelathini na tisa imeanza.

Mafeni ya Dude yakanyamaza.

Taa zake zikafa moja moja. Kutoka ukumbini ikaja sauti ya mtu aliyetimiza wajibu.

"Tayari, Mwalimu! Nimezima!"

Tulitoka mbio. Afande alikuwa amesimama wima chini ya swichi, mkono bado uko juu.

"Nani kakwambia uzime?" Mwalimu alipiga kelele.

"Si skrini? Imesema Dude, zima. Nikazima."

Mwalimu akaisoma skrini, kisha akageuka kunitazama.

"Mjomba," nikasema, "naapa sikumaanisha hivyo."

Hakunikemea kwa lile neno. Alirudi stoo, akaliwasha Dude. Likaguna, likaandika kwamba hifadhi yake imeharibika na ukarabati utachukua saa sita. Mwalimu akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, kana kwamba vidole vingemwonea huruma. Saa kumi na moja na nusu. Mkaguzi anaondoka saa kumi. Kazi kumi na nne hazimo kwenye diski. Yangu ni namba saba, ilikuwa salama.

Habari ilifika bwenini kabla yetu. Rafiki yangu Twiga, namba arobaini na tano, alikuja hadi mlangoni na wenzake kumi na watatu nyuma yake.

"Umeona raha?" akaniuliza. "Ya kwako ilipoingia ndipo ukamcheza Afande?"

"Twiga, haikuwa mzaha."

"Hata ya viatu ulisema hivyohivyo. Kwa sauti hiyohiyo."

Angenipiga ningeshukuru. Alikaa sakafuni, akaegemea ukuta, akajifunika uso kwa sweta. Mwaka jana alirudia darasa kwa sababu ya homa. Mwaka wa kurudia mwingine nyumbani kwao haupo.

Mkaguzi alifika saa nane, mama mfupi mwenye begi la ngozi na sauti isiyopanda. Alimsikiliza Mwalimu hadi mwisho.

"Poleni," akasema. "Kuharibika kwa mitambo kuna kanuni yake, naweza kusubiri hadi saa kumi na mbili. Ila hujuma haina kanuni. Mwanafunzi akizima kwa makusudi, napokea zilizopo na naondoka. Ninaambiwa mwanafunzi huyo anajulikana."

Kila mtu alinitazama. Mwalimu aliinamisha kichwa. Alikuwa tayari kusema ameandika yeye. Nilimwona akivuta pumzi. Nikamtangulia.

"Ni mimi niliyeandika, Mama. Njoo uone."

Wakala alifanya kazi dakika moja tu kabla ya Dude kuzimwa, lakini mmbea ni mmbea: alikwisha kupeleka kila kitu kwenye kompyuta ya uangalizi. Niliyafungua maandishi yake mbele ya wote. Mafaili hamsini na mawili, kila moja na ukubwa wake, yote yamekamilika tangu Alhamisi. Chini yake: ujumbe uliotumwa, DUDE ZIMA, na jina langu kamili kama mwandishi. Sekunde kumi na nane baadaye, Dude limekatika mtandaoni. Nimejitahidi miaka minne nisiache ushahidi popote. Huu niliuchapisha nakala mbili.

"Ulitaka azime?" Mkaguzi akauliza.

"Nilitaka ajue ni zima, Mama. Jitu zima, yai zima, dude zima. Nilifuta 'liko' ili maneno yaenee."

Alimgeukia mlinzi. "Afande, ungeandikiwa 'Dude liko zima', ungefanyaje?"

"Ningekaa. Kama liko zima, nalizima la nini?"

Mkaguzi hakucheka. Alizisoma zile karatasi mara mbili, akatia sahihi moja, akaiingiza begini. "Mitambo," akasema. "Saa kumi na mbili. Dakika moja zaidi, sipo."

Tukasubiri. Afande alishika dirisha wazi kwa mkono wake, hataki kuiamini kabari. Saa kumi na moja na dakika ishirini na nne hifadhi ikafunguka, Mwalimu akaanza kupakia, mimi nikimwandikia amri. Thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini na moja. Kumi na tatu ziliingia nzima. Namba arobaini na tano ilifunguka kurasa ishirini na sita kati ya arobaini, zilizobaki zikawa visanduku vitupu.

Mkaguzi alitazama saa. "Zimebaki dakika nane. Kanuni inaruhusu mwenyewe atoe ufupisho wa kilichopotea, mbele yangu."

Twiga alikaa kwenye kiti kando yangu. Nikaanza kumwambia pole.

"Nyamaza," akasema, macho kwenye skrini. "Mimi nasema, wewe andika, una mikono myepesi. Na usifute hata neno moja."

Nikaandika kila alichosema, pamoja na "eee" zake zote.