Uvimbe Usiouma

Saa moja kasorobo asubuhi, Jumatatu tarehe 8 Novemba 1954, uvimbe chini ya sikio la kushoto la Jeconia ulikuwa umefikia ukubwa wa yai la kuku. Haukuuma. Alikuwa nao kwa miaka mitatu.

Wachumaji kahawa wa shamba hilo la Ruiru walikuwa wamepanga foleni mbele ya zahanati. Githinji, dresa wa shamba, yaani msaidizi wa tiba, alipita akiwakagua mmoja mmoja.

"Jeconia! Umeficha andazi kwa shavu tena?"

Watu wakacheka.

"Dresa, hii si matubwitubwi. Daktari wa Thika aliishika mwezi wa sita. Alisema ni kitu inamea ndani ya tezi ya mate, na bado inasogea. Ikatwe mapema, kabla haijashika mshipa wa uso, ule unafumba macho."

"Alikuandikia barua?"

"Iko kwa karani."

Ilikuwa kwa karani kwa sababu ilihitaji saini ya meneja, na meneja hakumruhusu mtu kwenda hospitali ya Nairobi kabla ya kumaliza tikiti: siku thelathini za kazi. Tikiti isiyojaa ndani ya siku arobaini na mbili ilifutwa. Tangu Juni Jeconia alikuwa ameanza tikiti tatu. Kila mara, kabla tikiti haijajaa, Githinji aliliona shavu, na amri ya shamba ilisema mwenye shavu lililovimba atengwe majuma matatu.

"Nimebakisha siku nne, ndugu yangu."

"Mimi si ndugu yako. Mtoto wa meneja akipatwa na hii kitu, nani atafutwa kazi? Wewe?"

"Matubwitubwi gani inakaa miaka tatu?"

"Ya Wajaluo."

Foleni ikacheka tena, kwa sauti ndogo zaidi. Githinji akanyoosha kidole kwenye kibanda cha mabati nyuma ya stoo ya mbolea. Jeconia akaenda. Aliyekataa alifukuzwa shambani, na barua yake ilibaki.

Siku ya kumi na mbili ya kutengwa, mkewe, Apiyo, aliruhusiwa kufika mlangoni na karai la maji. Alimpaka sabuni usoni, kisha akausukuma uvimbe kwa kidole gumba. Haukusogea. Akausukuma tena kutoka upande wa pili.

"Yawa, jamani, fumba macho. Sabuni itakuingia."

"Nimefumba."

Jicho la kulia lilikuwa limefumbwa. La kushoto lilikuwa wazi, likimtazama, na povu likaingia.